Themostati inamaliza betri kila mwezi

Kutoka Minneapolis

Shikamooni kaka na dada zangu. Mama yuko kwangu tangu Oktoba, ametoka Igoma moja kwa moja hadi kwenye baridi hii. Themostati ya ukutani, kile kifaa cha kuongoza hita ninachokiwasha kwa simu, inaandika betri zimeisha. Nimeweka AA mbili mpya, mwezi haujaisha inaandika tena. Leo alfajiri kioo kimezimika kabisa, hita haikuwaka, nimemkuta mama kajizungushia kanga tatu juu ya blanketi. Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Nifanyeje?

Kutoka Kirumba, Mwanza

Marahaba mdogo wangu, na mama mpe pole. Kwanza usalama wake: usipashe nyumba kwa ovena ya gesi wala kuwasha mkaa ndani. Hewa yake inaua watu usingizini.

Usiku wa leo weka betri mpya za alkalaini, zote mbili. Usichanganye jipya na lililochoka. Hata mawe ya redio tulikuwa hatuyachanganyi. Za kuchaji acha, zina volti 1.2 badala ya 1.5, themostati inaziona zimeisha mapema. Springi zikiwa na unga mweupe, zisugue kwa siki na pamba, zikauke.

Ila sidhani kama kosa ni la betri. Themostati inayotumia intaneti inakula umeme, na inatakiwa kuupata kwenye hita, volti 24, kupitia waya wa C. Waya huo ukifanya kazi, betri zinabaki za akiba tu na zinakaa muda mrefu. Zako zinabeba mzigo wote. Zima hita kwenye swichi yake, vua themostati, tazama tundu la C. Likiwa tupu, chungulia ukutani: mara nyingi kuna waya wa ziada umekunjwa humo. Lazima ufungwe pande zote mbili, hapo na kwenye bodi ya hita. Na R, waya unaoleta umeme, isiguse C, utaunguza fyuzi ya bodi.

Kutoka Minneapolis

Kaka, upo kweli! Wa bluu, umekunjwa nyuma. Nimefungua na hita: huko nako unaning'inia. Sikuugusa, fundi anakuja Alhamisi. Betri mpya zimeshika na nyumba ina joto. Mama anakusalimu, anauliza dagaa pale Mwaloni sasa hivi wanauzwaje.