Kaboni ya misitu yetu: apime nani, setilaiti au mwanakijiji mwenye tepu?

Ndugu zangu wa Masindi, Hoima na kwingineko, mnunuzi wa hewa ukaa, yaani anayetulipa ili tutunze miti inayohifadhi kaboni, akitaka kujua msitu wetu umehifadhi kaboni kiasi gani, apime nani? Wapo wanaosema picha za setilaiti zinatosha, na kwamba kutuma watu msituni ni kumwaga hela. Mimi sikubali.

Setilaiti huona kimo na majani, lakini aina ya mti huipata kwa shida, na humo ndimo hesabu ilimo. Kule kwenye msitu wa Budongo, Uganda, miti ya muhimbi na musizi yaweza kulingana unene na kimo, ila mbao kavu ya muhimbi ina uzito unaokaribia mara mbili ya musizi. Karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni; kiwango kinachotumika sana ni asilimia 47. Kilo 1,000 za mti mkavu ni kilo 470 za kaboni, yaani takriban kilo 1,720 za hewa ukaa iliyovutwa kutoka angani. Ukikosea mti, umekosea malipo.

Tena muhimbi huohuo, miaka ya 1950 na 1960, maafisa misitu waliutia sumu Budongo ili upishe mahogani. Waliuhesabu kuwa gugu. Inaniuma kila nikiukumbuka.

Mzee wa kijijini anautambua kwa kutazama gome tu. Mpeni tepu apime shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Likiwa na mbavu za mizizi, apime juu ya mbavu hizo.

*Jibu, Hoima:* Dada, nimekuelewa. Lakini anayesubiri malipo ndiye ashike tepu? Akiilegeza kidogo tu, mti umenenepa. Setilaiti haina shemeji kijijini.

*Mleta mada:* Hofu yako ni ya haki, kaka. Basi kila mti upewe namba na upakwe rangi pale ulipopimwa, mtu wa nje arudie baadhi ya vipimo bila kutangaza siku, na matokeo yasomwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Tepu ikilegezwa, wa pili ataona. Setilaiti ikikosea, nani kwetu ataigundua? Isitoshe, hesabu zake zenyewe husahihishwa kwa vipimo vya tepu kutoka ardhini. Vipimo hivyo lazima mtu avichukue. Nataka awe mtu wetu, alipwe, na nakala ibaki kijijini.