MJADALA: Uingereza imefunga viza za kazi ya kea. Nani amelindwa?

Mama wa Chumbageni (mwenye mada)

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari za jioni. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu, leo nalileta tulijadili kwa uwazi. Hapa Tanga kila mtaa una mtu aliyekwenda, anayetaka kwenda au aliyeliwa hela yake akitaka kwenda kufanya kea Uingereza, yaani kutunza wazee na wagonjwa majumbani kwao.

Kwa asiyefuatilia: Februari 2022 Uingereza iliwafungulia viza watunza wazee kutoka nje, maana wenyeji walikuwa wanaikimbia kazi ile kwa mshahara ule. Tarehe 11 Machi 2024 waombaji wapya wakazuiwa kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa: hakuna tena anayechukuliwa moja kwa moja kutoka nje. Waliomo ndani wameachiwa njia ya kubadilisha viza hadi Julai 2028, kwa masharti.

Wanaounga mkono wanasema wafanyakazi walikuwa wananyonywa, bora kufunga. Wanaopinga wanasema wazee watakosa watu wa kuwaosha na kuwalisha. Mimi nasema ubaya ulianza siku ile ile ya kufungua, viza ilipofungwa kwa mwajiri mmoja. Mtu asiyeweza kumwacha bosi wake hawezi kumtetea mgonjwa wake.

Mdogo wangu aliondoka Aprili 2024, mwezi mmoja baada ya katazo la familia. Mwanawe wa miaka sita akabaki kwangu. Wakala alichukua milioni kumi na tisa, na hapo tuliuza kiwanja cha marehemu baba. Kufika kule akapangiwa nyumba kumi na nne kwa siku. Kwenye ratiba, ziara moja inaisha saa mbili na nusu kamili na inayofuata inaanza saa mbili na nusu hiyo hiyo, upande wa pili wa mji. Sasa dakika za barabarani zinatoka wapi? Zinatoka kwa mgonjwa. Na hazilipwi.

Alikuwa na mzee mmoja wa miaka themanini na nane, hana mke, watoto wako mbali. Siku moja anamvua soksi akaona kisigino kimekuwa chekundu, wiki iliyofuata ngozi imefunguka. Akamwambia msimamizi kwamba mzee huyu anahitaji nusu saa asubuhi, si robo saa, na aje nesi amtazame. Akajibiwa azingatie ratiba, na akakumbushwa udhamini wake unatoka kwa nani. Mwenzake mzaliwa wa kule aliona mambo kama hayo kwenye nyumba nyingine. Akaandika malalamiko, akaacha kazi Ijumaa, wiki iliyofuata ameshapata kwingine. Mdogo wangu akanyamaza. Angeondolewa udhamini angekuwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni au kuondoka nchini, na deni la kiwanja tulichouza kwa ajili yake liko shingoni. Alinipigia usiku analia. Hakunitajia uchovu wala hela. Alisema, "Dada, kidonda kinanuka na mimi nimenyamaza."

Kwa hiyo swali langu ni hili: sheria ile ilimlinda nani, yule mzee au mdogo wangu?

Kijana wa Mabanda ya Papa

Pole sana mama, na mdogo wako mpe pole yangu. Lakini niruhusu nitofautiane nawe. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Kampuni ikijua kuna watu wa Tanga, Lagos na Harare wanaosubiri foleni, itapandisha mshahara kwa sababu gani? Funga mlango, watalazimika kuwalipa watu wao. Sisi wenyewe tungekubali bandari ya Tanga ijae wapakuzi wa kutoka nje kwa nusu ya ujira?

Na huo ufungaji kwa mwajiri mmoja una sababu. Nawajua watu waliokwenda kwa viza ya kea, baada ya mwezi wako kwenye maghala ya kupanga mizigo. Ukimwachia kila mtu aende atakako, huyo mzee wa kisigino anabaki na nani?

Nesi Mstaafu, Raskazone

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka thelathini, Hospitali ya Bombo na kwingineko. Nitasema mawili.

Kwanza, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania imo. Uingereza imeifanya orodha hiyo kuwa kanuni: mwajiri wa kule haruhusiwi kuja huku kutafuta watu. Lakini kabla mlango wa kea haujafungwa, mtu akiomba mwenyewe alipokelewa. Katika upenyo huo mawakala wa mitaani ndimo walimojipatia riziki. Nimewaona mabinti niliowafundisha mimi kushona kidonda na kupokea mtoto anayetanguliza miguu, wakaenda kuosha wazee na kuandaa chai. Kuosha mzee ni kazi ya heshima kabisa. Ila nchi ilimsomesha yule binti kwa ajili ya wodi ambayo leo usiku ina nesi mmoja. Kwa hilo, mlango kufungwa sikulia.

Pili, kisigino. Mama, nimesoma hapo nikasimama kidogo. Kidonda cha kulala hakiji kwa bahati mbaya. Mgonjwa asiyejigeuza huwa anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kisigino kinainuliwa kisiguse godoro, na ngozi ikianza wekundu usioondoka ukiibonyeza, huo ndio wakati wa kupiga kelele. Dakika kumi na tano zinatosha kubadilisha nepi na kumpa dawa. Hazitoshi kumtazama mtu.

Niliyerudi Muscat

Mimi nilitunza bibi wa Kiomani miaka minne. Pasi yangu ilikaa kabatini kwa tajiri tangu siku ya kwanza. Nyumba ile hawakunipiga, chakula nilikula, na yule bibi alinipenda, Mungu amrehemu. Lakini nilipougua tumbo nilificha wiki tatu, kwa kuogopa kurudishwa. Nikawa namnyanyua bibi huku nimeinama kwa maumivu, siku moja nikamwangusha bafuni. Kama ningekuwa huru kusema naumwa, angeletwa mwingine wiki ile. Ninayoyasoma hapa ya Uingereza ni kafala hiyo hiyo, yaani ule utaratibu wa Uarabuni wa kumfunga mfanyakazi kwa tajiri mmoja, imevaa koti.

Mama wa Chumbageni

Ahsante shoga wa Muscat, umenifupishia maneno.

Mwanangu wa Mabanda ya Papa, hoja ya mshahara ni nzito na siipuuzi. Lakini tazama hela inatoka wapi. Kule wagonjwa wengi wa majumbani wanalipiwa na halmashauri zao, na halmashauri ndiyo inayopanga italipa kampuni kiasi gani kwa saa. Mgeni akiondoka, bei ile haipandi yenyewe. Mpaka Machi 2025, kwa England peke yake, nafasi kama 111,000 za kazi za matunzo zilikuwa wazi, na hao wageni wakiwa wamo. Wenyeji walikuwa wanaruhusiwa kuzichukua siku zote.

Na wanaokimbilia maghalani, tafadhali tuwatazame kwa haki. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali yao ilizifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kea. Watu zaidi ya 39,000 walikuwa wamedhaminiwa na waajiri hao. Wengine walifika wakakuta kazi waliyoahidiwa haipo kabisa. Kosa alifanya mwenye leseni, siku 60 akahesabiwa mfanyakazi. Mtu huyo ukimkuta ghalani, amekimbia kea au kea ndiyo iliyomkimbia?

Ninachotaka mimi si mlango wazi kwa kila mtu. Wape viza ya kazi ya matunzo, si ya bosi fulani. Abaki kwenye kea, lakini bosi akimwambia anyamaze kuhusu kidonda, ahamie kwa jirani kesho yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapo hata hofu yako ya maghala inapata jibu. Badala yake Novemba 2025 wametangaza pendekezo kwamba watu wa kundi hili wasubiri miaka 15 kupata ukaazi wa kudumu, badala ya 5. Miaka kumi na tano ya kuogopa kusema! Huyo mtoto aliye kwangu atakuwa na ndevu.

Kijana wa Mabanda ya Papa

Viza ya kazi badala ya viza ya bosi, hapo umenisogeza, sikatai. Lakini mama, kwa heshima zote, nakuuliza mbele ya watu. Nyumbani kwenu bibi amelala kitandani tangu kiharusi, sote mtaani tunajua. Anatunzwa na binti aliyetoka Mlalo. Binti huyo ana mkataba? Ana siku ya kupumzika? Akiona kosa kwa bibi, anaweza kukwambia?

Mama wa Chumbageni

Umeniuliza haki yangu kuulizwa.

Mkataba hana. Namlipa elfu themanini, analala na kula kwangu. Nilikuwa najisifia, kwa kuwa amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea anayelala kwa mwajiri elfu sitini. Siku ya mapumziko tunasema Jumapili, lakini Jumapili mama yangu, huyo bibi, hajigeuzi mwenyewe, na mimi nina masahihisho ya madaftari.

Nimemwita sasa hivi, kabla sijaandika hapa. Nimemuuliza kama mgongo wa bibi ni mzima. Akaangalia chini. Halafu akanionyesha: chini kabisa ya kiuno, upande wa kulia, pana doa upana wa kifuniko cha soda. Nimelibonyeza kama alivyosema nesi, halikuondoka. Binti ameliona tangu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Niliogopa utasema simgeuzi." Usiku huwa anamgeuza peke yake, ana miaka kumi na tisa na hana mwili.

Jumapili hii inayokuja atakuwa na siku yake, mimi nitakaa na mama. Mkataba nitauandika, wiki hii. Nesi, kama upo karibu, nakuomba.

Nesi Mstaafu, Raskazone

Nipo. Nakuja kesho baada ya alasiri. Mpaka nifike asilalie upande huo hata kidogo, wala msilisugue doa, wala msipake chochote. Toa kanga mbili kuukuu zilizolainika na mto mdogo. Kanga moja tunaipitisha chini ya kiuno na mapaja, mmoja anavuta huku, mwingine anasukuma kule, mgonjwa anageuka bila ngozi kukwaruzwa na shuka. Huyo binti asiende sokoni saa hizo. Nataka kumfundisha yeye, na wewe utashika kanga upande wa pili.