Acheni kuikejeli Westland F.7/30, mkosaji ni Wizara ya Anga ya Uingereza

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha. Kila picha ya Westland F.7/30, ndege ya kivita ya Uingereza ya miaka ya 1930, ikiwekwa hapa maoni huwa yale yale, kwamba ni kituko na kwamba walioibuni hawakuijua kazi yao. Huo ni uonevu kwa mbunifu wake Arthur Davenport na mafundi wenzake, na unampa nafasi mkosaji halisi ya kupita bila kuguswa.

Zabuni ya Wizara ya Anga iliyoitwa F.7/30, ambayo viwanda viliipokea mwaka 1931, ilidai ndege ya kivita ya mchana na usiku, yenye rashasha nne badala ya mbili zilizozoeleka, ambayo rubani wake angeona vizuri pande zote na ambayo ingetua kwa mwendo mdogo. Davenport alimkalisha rubani mbele ya bawa la juu ili lisimzibe macho, akaipeleka injini nyuma yake na kuiunganisha na rafadha iliyokuwa puani kwa mhimili mrefu, kisha akaweka rashasha mbili kila ubavu wa chumba cha rubani, kwa kuwa silaha za wakati ule zilikuwa na tabia ya kukwama na ilibidi rubani aweze kuzifikia kwa mkono. Umbo mnalolicheka lilitokana na masharti hayo.

Kilichoiangusha ni injini. Wizara ilionyesha wazi kwamba inaipendelea Rolls-Royce Goshawk, yenye nguvu farasi zipatazo 600, ambayo maji yake hayakupozwa kwa rejeta ya kawaida bali yaliachwa yachemke, kisha mvuke ukapoozwa kwenye vipoozeo hadi uwe maji tena. Kwenye karatasi mpango huo ulipunguza uzito. Kwenye ndege ya mapambano, inayopinduka na kupigwa risasi, ulikuwa balaa, na mimi sioni kwa nini wakuu wa Wizara walihitaji miaka kadhaa kulitambua jambo hilo.

Rubani wa majaribio Harald Penrose aliirusha ndege hiyo tarehe 23 Machi 1934, na kasi yake ikaishia chini ya ile ya ndege ya kivita Hawker Fury, iliyokuwa kazini tangu 1931 na iliyopita kilomita 330 kwa saa. Nakubali kwamba umbo lenyewe lilichangia ukinzani wa hewa. Lakini ziangalieni ndege nyingine zilizofungiwa Goshawk. Blackburn F.3, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, kama ya Westland, haikuwahi kuruka kabisa. Iliishia kukimbizwa ardhini. Supermarine Type 224 ya mbunifu R. J. Mitchell ilikuwa na bawa moja, kwa hiyo hapo hamwezi kusingizia mabawa mawili, nayo ilisumbuliwa na maji ya moto yaliyogeuka mvuke yakiwa bado yanaelekea kwenye pampu, hata ikakataliwa. Mitchell huyo huyo, alipopata injini ya Merlin, alitoa Spitfire, ndege ya kivita mashuhuri, iliyoruka Machi 1936. Mbona yeye hamwiti mjinga kwa sababu ya Type 224?

Halafu ipo Gloster SS.37, ambayo wanaokejeli hawaitaji kamwe. Mbunifu wake Henry Folland aliachana na Goshawk, akafunga Bristol Mercury inayopozwa kwa hewa, na ndege yake, ya mabawa mawili kama ya Davenport, iliporuka Septemba 1934 ilithibitika kuwa na kasi inayokaribia kilomita 390 kwa saa baada ya kuboreshwa. Ikawa Gladiator, ndege ambayo marubani wa Afrika Kusini waliitumia kupigana na Waitaliano huko Sudan mwaka 1940. Mabawa mawili, bunduki nne, zabuni ile ile; injini ndiyo iliyokuwa tofauti.

Kwa hiyo nawaomba walioandika kejeli chini ya picha ya juzi wazifute. Anayetaka kubishana nami aje na hoja inayoihusu Goshawk, na aeleze ni nani aliyeisukumiza kwa wabunifu.