Tupeane uzoefu: mliopitia mchakato wa kuomba uraia wa nchi nyingine, ilikuwaje?

Mshamba wa Lushoto (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Barua ya kuapishwa imenifikia Jumanne. Zimebaki wiki tatu. Nimeisoma, nimeikunja, nimeiweka juu ya friji, na kila nikienda kuchukua maji naiona.

Nilikuja Marekani mwaka 2019 kwa bahati nasibu ya viza. Grini kadi, ile ya ukaaji wa kudumu, nilianza nayo tangu siku niliyotua, kwa hiyo miaka mitano ya kusubiri haikunisumbua sana. Nimebeba boksi, nimesoma usiku, sasa nina kazi ya maana hapa Minneapolis. Mwanzoni mwa 2025 nikajaza ile fomu ya kuomba uraia, N-400, mtandaoni, nikalipa dola 710 (ukituma ya karatasi ni 760). Kilichonitesa ni orodha ya safari: kila safari nje ya Marekani ndani ya miaka mitano, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Nilikaa na pasipoti yangu nikihesabu mihuri ya Kilimanjaro na Dar mpaka saa nane za usiku. Anayepanga kuomba aanze leo kuandika safari zake kwenye daftari.

Usaili ulichukua kama dakika ishirini. Afisa aliuliza maswali sita ya uraia, nikayapata yote, akaishia hapo, maana kwa mtihani ule ukifikisha sita katika kumi hauendelezwi. Halafu akaingia kwenye maswali ya fomu. Lipo moja linalouliza kama uko tayari kula kiapo cha utii, na kiapo chenyewe kinasema unaachana kabisa na utii kwa dola nyingine yoyote. Nikajibu ndiyo. Nilikuwa nimeshaisoma sentensi ile mara nyingi nyumbani, lakini kuitamkia jibu mbele ya mtu ni jambo jingine.

Sisi Watanzania mnajua sheria yetu. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Uraia pacha tumeusikia bungeni miaka na miaka.

Mliopitia, naomba mtueleze makaratasi, usaili na siku yenyewe. Si lazima iwe Marekani.

Binti Nyarugusu

Kaka, pole na hongera. Mimi nitaeleza ya mama yangu, kwa sababu yangu ilikuwa rahisi.

Sisi ni Wabembe wa Fizi. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1998. Tulipelekwa Louisville, Kentucky, mwaka 2016. Kwa aliyeingia kama mkimbizi, grini kadi anaiomba baada ya mwaka mmoja lakini tarehe yake inarudishwa nyuma hadi siku aliyotua. Watu wengi wa kwetu hawajui hilo, wanasubiri mwaka mzima wa ziada bure.

Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kisheria, mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa miaka 15, anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake na anasamehewa Kiingereza. Mama alikuwa na 48 na miaka sita nchini. Basi ilibidi asome Kiingereza, aandike Kiingereza, na ajibu maswali kwa Kiingereza.

Ada aliomba msamaha kwa sababu ya kipato, akapewa. Tukaanza. Alikuwa anafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, anarudi saa saba usiku. Mimi nilibandika maswali kwenye milango ya kabati za jikoni. Anapika ugali anasoma, anakoroga anasoma. Kwa nini bendera ina nyota hamsini, maseneta ni wangapi, mji mkuu wa jimbo letu ni upi. Frankfort aliupenda, alikuwa anautamka vizuri kuliko mimi.

Kuandika ndiko kulikomshinda. Wanakusomea sentensi fupi hadi tatu, ukiandika moja sawasawa umepita. Katika usaili wa kwanza alisomewa sentensi yenye jina Washington. Aliandika kama anavyolisikia. Zote tatu zikakataa. Ndani ya gari hakusema neno mpaka tumefika nyumbani, akaingia chumbani, akavua nguo aliyoishona kwa ajili ya siku ile.

Ukishindwa sehemu moja unapewa nafasi ya pili kati ya siku 60 na 90, na unarudia ile uliyoshindwa tu. Usiku wa pili yake nikamkuta mezani na maharage. Amepanga kumi kwa mstari. Washington ina herufi kumi, akawa anagusa harage moja, anataja herufi, anaenda la pili. Alifanya vile kila usiku miezi miwili na zaidi. Akiruka harage anaanza upya. Alipoitwa tena alisomewa sentensi nyingine kabisa, isiyo na Washington, akaiandika bila kosa.

Lililomuumiza zaidi halikuwa mtihani. Fomu inauliza kama umewahi kuwa katika kundi la wanamgambo, kama umewahi kumtesa au kumuua mtu. Afisa ni lazima aulize, anawauliza wote. Mama alinyamaza, afisa akadhani hajaelewa Kiingereza, akarudia polepole. Alikuwa ameelewa. Waliotufukuza Fizi ndio hao hao wanaotajwa kwenye swali.

Siku ya kiapo alipewa cheti kinachosema amezaliwa tarehe 1 Januari 1974. Mtakaoangalia vyeti vya watu wa kambini mtaona wengi wamezaliwa 1 Januari, kwa sababu asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo. Mama anajua alizaliwa msimu wa karanga, basi.

La mwisho kwa wenye watoto: mdogo wangu alikuwa na miaka 15, ana grini kadi, anaishi na mama. Alipata uraia siku ile ile mama alipoapa, bila mtihani. Mimi nilikuwa nimeshapita 18, nikajaza fomu yangu mwenyewe.

Nesi wa Leicester

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, Kisii, niko Uingereza. Upande wa kupoteza uraia sisi tuna afueni: Katiba ya 2010 inaturuhusu kuwa na nchi mbili, na aliyepoteza zamani anaweza kuomba arudishiwe. Kwa hivyo sikulia kiapo. Nililia pesa.

Mtihani wenyewe si kitu, maswali 24, dakika 45, ukipata 18 umepita. Hesabu ya siku ndiyo mtego. Ndani ya miaka mitano usizidishe siku 450 nje ya nchi, na mwaka wa mwisho usizidishe 90. Hizo nilikuwa ndani. Lakini kuna sharti jingine: siku maombi yako yanapopokelewa, rudi nyuma miaka mitano kamili, siku hiyo ni lazima ulikuwa umesimama ndani ya Uingereza.

Miaka mitano nyuma, siku hiyo, mimi nilikuwa Kisii tukimzika mama.

Nilikuwa nimemlipa ajenti anijazie. Hakuangalia. Maombi yakakataliwa, na ada ya zaidi ya pauni 1,600 haikurudi. Ningetuma wiki mbili baadaye ningepita. Niliikusanya tena kwa zamu za usiku mwaka mzima. Tafadhali, hata ukimlipa mtu, hesabu siku zako mwenyewe kwa kidole kwenye kalenda.

Kihamba

Mshamba, nitasema tofauti na wengine, na sisemi kwa ubaya.

Niko Texas mwaka wa 22 sasa. Grini kadi naifanya upya kila miaka kumi na sijaomba uraia. Mimi ni kitindamimba, na kwetu Rombo kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani. Migomba ile alipanda babu, na babu amelala pale pale chini ya migomba. Kwa sheria zetu, kwa miaka mingi asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Nikiapa huku, pale kwetu nitakuwa nasimama kama nani?

Najua gharama yake. Sipigi kura huku ninakolipa kodi. Kumleta mzazi siwezi, hilo ni la raia. Nikikaa Rombo mwaka mzima nikiuguza mtu, naweza kupoteza kadi. Baba alipougua niliruka mara nne ndani ya mwaka mmoja badala ya kukaa naye. Hata hivyo sijajuta. Wewe pima lako, usifuate mkumbo.

Mwalimu wa Jioni

Nyongeza fupi kwa wanaojiandaa Marekani. Waliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: maswali ya kusoma ni 128 badala ya 100, unaulizwa hadi 20 na unatakiwa upate 12. Mwenye miaka 65 na zaidi, aliyekaa na kadi miaka 20, bado ana orodha fupi ya 20. Mashangazi wengi ninaowafundisha wanatumia vitabu vya zamani walivyorithishana, wavibadilishe. Na unaweza kutuma siku 90 kabla miaka mitano haijatimia.

Mjukuu wa Mishamo

Nimesoma yote. Mimi yangu ni ya hapa hapa nyumbani.

Babu alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na baba akiwa na miaka tisa. Mimi nimezaliwa Mishamo, makazi ya wakimbizi, mwaka 1986. Nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nimeimba wimbo wa taifa kila asubuhi, na kutoka nje ya makazi nilihitaji kibali. Ukikamatwa Mpanda huna karatasi, unarudishwa.

Mwisho wa 2007 tukaulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia. Makazi yetu matatu, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, yalikuwa na watu wapatao 218,000, na wanne katika kila watano walichagua kubaki. Baba alijaza fomu ya tajnisi, yaani uraia wa kuomba, na sharti moja lilikuwa kuukana uraia wa Burundi. Nchi aliyoiacha akiwa amebebwa mgongoni nusu ya njia. Akatia dole gumba.

Mwaka 2010 tuliambiwa tumekubaliwa, watu kama 162,000. Vyeti hatukupewa. Tuliambiwa kwanza tuhame, tutawanywe mikoa mingine. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Hatukuwa tena wakimbizi na hatukuwa na karatasi ya uraia. Watu waliacha kuezeka nyumba, waliacha kupanda miti ya matunda, maana utapanda mwembe wa nani? Baba alikuwa na bati kumi na nane ameziegemeza ukutani ndani. Zilikaa pale miaka minne zikishika kutu na nyumba inavuja.

Baadaye suala la kuhama likaachwa, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Baba alipopata chake alikirudisha kwenye bahasha, akanipa mimi nikakae nacho, akapanda juu ya nyumba na nyundo. Mwaka uliofuata alijiandikisha na Oktoba alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa na miaka 52.

Kwa hiyo Mshamba, unavyolia kwa kuacha uraia wa kuzaliwa, nakuelewa. Mimi huo wa kuzaliwa sikuwahi kuwa nao. Nilizaliwa pale na karatasi ikanikuta nina miaka 28.

Mshamba wa Lushoto

Mjukuu, nimesoma yako nikiwa kazini nikaenda kukaa nje kidogo. Asante sana. Kihamba, yako nimempigia mama nikamsomea. Kwetu kaka mkubwa ndiye mwenye shamba, mimi sina cha kupoteza hapo, lakini alisema nikupe pole ya baba.

Nesi wa Leicester

Mshamba uliapa? Tuambie.

Mshamba wa Lushoto

Niliapa Ijumaa. Samahani kwa kukaa kimya.

Mlangoni wanachukua grini kadi. Hilo sikujiandaa nalo. Kadi niliyoilinda miaka sita, natembea nayo kama roho yangu, binti mmoja akaipokea akaitupia kwenye boksi na nyingine. Kwa kama saa moja nilikaa ukumbini sina kadi na sina cheti. Mjukuu, nilikuwaza wewe.

Walisoma majina ya nchi, watu wa nchi hiyo wasimame. Somalia walisimama wengi, Kenya wachache, Liberia. Ilipotajwa Tanzania nilisimama peke yangu. Kiapo niliifuatisha sentensi yote, ile ya kuachana na utii pia, kwa sauti. Sikutaka kuimung'unya, niliona ni kama kuwadanganya wa pande zote mbili. Cheti ni karatasi nzito ina picha yangu. Nilipofika nyumbani niliitoa barua juu ya friji.

Mama anasumbuliwa na mgongo, nataka kwenda mwezi wa Desemba. Pasipoti ya huku imeshatoka, na jana usiku nimejaza fomu ya viza ya kuingia Tanzania, dola 100 kwa mwenye pasipoti ya Marekani. Mahali pa kuzaliwa nimeandika Lushoto. Wanataka jina na anwani ya mwenyeji wako, na nimeandika la mama. Sasa nasubiri wanijibu.