Laptopu ya gemu inalia kama mbu, tena inavuma: ni feni au kitu kingine?

Mleta mada
Wakuu, habari za muda huu. Laptopu ni ya gemu, ina miaka 2, skrini ya 165 Hz (inabadilisha picha mara 165 kwa sekunde), chaja ya wati 230. Inatoa milio miwili. Wa kwanza mwembamba kama wa mbu, unasikika zaidi kwenye menyu kuliko ndani ya gemu lenyewe, na nikichomoa chaja unapotea. Wa pili ni mvumo mzito upande wa kushoto. Huanza kama nusu saa baada ya kucheza, na nikiinua ukingo wa laptopu unabadilika. Nimezima spika, milio yote bado ipo. Nimeshauriwa nibadilishe pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto). Nianzie hapo?

waya_mwekundu
Pesti hailii, mkuu. Ikikauka joto linapanda na feni zinakimbia zaidi, basi.

Huo wa mbu una dalili zote za koili. Karibu na prosesa na kadi ya picha kuna vikoili vya kusawazisha umeme. Mkondo ukipanda na kushuka haraka, nguvu ya sumaku inavitikisa, na mtikisiko ukiangukia masafa ambayo sikio linayapata, unausikia. Menyu ni nyepesi kuchora, kwa hiyo kadi inatema mamia ya fremu, yaani picha, kwa sekunde bila faida yoyote. Kama kadi ni ya NVIDIA, ingia kwenye paneli yake, mipangilio ya 3D, weka kikomo cha fremu 60, kisha rudi kwenye menyu ileile. Mlio ukipotea au ukibadilika papo hapo, ni koili.

bisibisi_ndogo
Wa pili ni feni mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiinua ukingo, ekseli ya feni inakaa tofauti kwenye beringi. Koili haijali laptopu imelalaje. Usifungue bado. Funga gemu, halafu kwa programu ya mtengenezaji peleka feni kasi ya mwisho. Mvumo ukija na kompyuta haina kazi, umempata mhalifu. Viringisha karatasi iwe bomba, ncha moja sikioni, nyingine karibu na matundu ya hewa, ujue ni feni ya upande gani.

Ukifungua: zima, chomoa chaja, toa kifuniko cha chini (mara nyingi bisibisi ya PH0, ndogo ya nyota ya msalaba), na uchomoe kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine. Skrubu hazilingani urefu, zipange kama zilivyokaa. Tafuta waya uliohama njia yake na kugusa mapanga, unywele uliojizungusha kwenye kitovu, vumbi lililoganda upande mmoja wa mapanga. Ukipuliza hewa, shikilia mapanga yasizunguke, la sivyo yanapita kasi yake na kuumiza beringi. Kisha zungusha kwa kidole: feni nzima inasimama taratibu. Ikikwaruza, au kitovu kikicheza kushoto na kulia, beringi imekwisha. WD-40 ya kawaida (ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu) usiinyunyizie, inaosha mafuta yaliyobaki na mvumo unarudi mbaya zaidi. Feni mpya itafute kwa namba iliyo kwenye lebo ya ile ya zamani. Ya kushoto na ya kulia kwa kawaida hazibadilishani, na kuna za volti 5 na za volti 12.

sauti_ya_diski
Ukishafungua, angalia na betri. Ikivimba inasukuma kifuniko, na feni inaweza kuanza kugusa ganda lake. Betri iliyovimba haitobolewi wala haibonyezwi, inatolewa na laptopu haitumiki nayo. Kama kuna diski ya kuzunguka na unasikia tik-tik, nakili mafaili kwanza, vipimo baadaye. SSD haina kinachozunguka.

Mleta mada
Nimejaribu. Kikomo cha fremu 60, mbu kimya. Feni kasi ya mwisho bila gemu, mvumo upo, kushoto. Ila sielewi: kama ni koili, mbona nikichomoa chaja mlio unakwisha? Si chaja ndiyo mbovu?

waya_mwekundu
Hapo wengi wanaponunua chaja bure. Kwenye betri laptopu inabana umeme wa kadi ya picha, fremu zinashuka, koili inatulia. Kwa hiyo kipimo hicho hakitofautishi chaja na koili. Tega sikio kwenye tofali la chaja lenyewe: mvumo hafifu ni kawaida, ila likitoa cheche, harufu ya kuungua, au plagi ikiwa ya moto, liache.

Koili kulia haina hatari. Weka kikomo sawa na skrini, 165, na kwenye menyu 60 kama gemu linaruhusu. Hao wanaomwaga gundi juu ya koili waache, joto linakosa pa kutokea na dhamana inakwenda nayo.

Mleta mada
Sawa. Naweza kuendelea kucheza nikisubiri feni?

bisibisi_ndogo
Fungua HWiNFO pembeni (programu ya kuonyesha joto na kasi ya feni), kama inasoma feni za laptopu yako. Kasi ikirukaruka, punguza ubora wa picha na muda wa kucheza. Ya kushoto ikionyesha 0 RPM (mizunguko kwa dakika) huku joto linapanda, zima hapo hapo.