Msumeno wa marehemu babu umeota kutu, naweza kuurudisha nipogolee miti ya nyumbani?

mwana_makambako:
Kamwene wakuu. Nipo Makambako, naomba ushauri maana huku mtaani kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Babu yangu alikuwa seremala na enzi zake alipasua sana mbao porini, alivyofariki vifaa vyake viliwekwa stoo na hakuna aliyevigusa mpaka juzi. Nimekuta misumeno miwili. Mmoja ni wa mkono wa kawaida, kama inchi 26, mpini wa mbao umepasuka, meno nimehesabu 6 kwenye inchi moja, na karibu na mpini nikifuta kutu nasoma SHEFFIELD. Mwingine ni mrefu unanizidi kimo, upande mmoja mpana mwingine mwembamba, meno makubwa kama ya mamba na yote yameelekea upande mmoja.

Shida yangu ni miti. Kuna parachichi limelalia bati, kuna fensi ya saiprasi haijaguswa miaka, na mlingoti (mkaratusi) mmoja matawi yake yanaelekea barabarani, na upepo wa huku mnaujua, usiku nasikia matawi yanakwaruza bati silali. Wa chenso anataka hela ndefu kwa kazi ya nusu siku. Nikajaribu ule msumeno mdogo hivyohivyo kwenye tawi la parachichi, umeingia kama inchi moja ukabana, hauendi wala haurudi, nimetoka jasho bure. Fundi mmoja anasema nimpelekee aupitishe grenda, mwingine anasema niuze chuma chakavu. Mimi sitaki kuuza, mzee alilea watoto kwa vyuma hivi. Vinafaa au naota?

mnyalu_wa_kihesa:
Usimpe huyo wa grenda mkuu, nakuomba. Mimi niliruhusu wakaninolea wa kwangu hivyo, ncha za meno zikageuka bluu kwa moto na tangu siku hiyo haukai na makali, ukikata matawi mawili umekuwa butu. Chuma kikiungua hivyo ule ugumu wake unaondoka.

Kijana_Soweto_Mbeya:
Kwani si ununue mpya tu, ile ya kukunja ya kupogolea ipo madukani na inakata vizuri. Muda wa kusugua kutu si ungefanya mambo mengine.

fundi_wa_lupila:
Kijana hajakosea, ile ya kukunja nzuri kwa tawi dogo, ila mingi ya siku hizi ncha za meno zimepikwa zikawa ngumu, utaziona nyeusi nyeusi, tupa ya kunolea ikipita inateleza tu. Ikiisha makali unatupa. Huo wa babu unanoleka miaka yote, Sheffield ni mji wa Uingereza uliokuwa unatoa vyuma vya maana.

Sasa mwana Makambako nisikilize vizuri. Kutu siyo iliyokubania msumeno, au siyo hiyo peke yake. Meno ya msumeno yanatakiwa yalale moja kushoto moja kulia, hivyo njia inayokatwa inakuwa pana kuliko bati lenyewe la msumeno na bati linapita bila kugusa. Meno yakishanyooka bati linabanwa na mti. Na huo alikuwa nao seremala, kwa mbao kavu alikuwa analaza meno kidogo tu, mti mbichi una maji na unavimba, unataka meno yalale zaidi. Kwahiyo hata ungeung'arisha ukawa kama kioo ungekubania vilevile.

Kwanza toa mpini, hizo skrubu zifungue taratibu usiharibu. Kutu ya juu kwangua na msasa na mafuta ya taa, ikiwa nzito laza bati kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua na stiliwaya, suuza kwa maji yenye magadi, kausha hapohapo na upake oili, usiache hata nusu saa maana chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu unakiangalia. Hapo kwenye maandishi sugua kwa mkono mwepesi, ni kumbukumbu hiyo.

Halafu shika kama unalenga bunduki, angalia mstari wa meno umenyooka? Ukiwa na kona kali ya kukunjika hapo nisingeendelea. Kama umepinda kiulaini tu unarudi kwa mkono.

Bana bati katikati ya mbao mbili, meno yatokeze kama sentimita moja tu, ukiacha mengi nje yanatetemeka na tupa inapiga kelele. Pitisha tupa bapa juu ya meno yote mara mbili tatu mpaka kila jino liwe na kidoa kinachong'aa, hapo yanakuwa kimo kimoja. Halafu ndo unalaza. Tafuta kipande cha chuma kigumu, kata mfereji wa unene wa bati, unavalisha jino unalipinda kidogo. Nusu ya juu ya jino tu! Ukilipinda kuanzia shinani linakatika. Na kila jino lifuate upande lililokuwa limelala mwanzo, ukiligeuza upande wa pili utalipoteza.

Mwisho tupa ya pembe tatu, ile nyembamba. Unasukuma mbele tu, kurudi unainua. Noa jino moja ruka moja, ukifika mwisho geuza msumeno unoe yale uliyoruka. Shika tupa kwa kuilaza kidogo kuelekea upande wa mpini ili jino litoke na ncha kama kisu, maana wewe unakata kukatiza mti, hupasui. Ukiona kile kidoa kinachong'aa kimeisha acha, usiendelee kula chuma.

Ule mrefu nimeuacha makusudi ntarudi.

mama_parachichi_rungwe:
Wakati unasubiri fundi arudi mwanangu nikuambie la mti wenyewe, maana nimeona watu wana msumeno mkali wanaua parachichi. Tawi zito usilikate mara moja karibu na shina, litavunjika kabla hujamaliza na litachuna ganda mpaka chini. Nenda mbali na shina kama sentimita 30, kata kwa chini theluthi moja, halafu sogea mbele kidogo kuelekea ncha ya tawi ukate kwa juu, tawi linaanguka lenyewe, ndo unarudi kuondoa kisiki. Hicho kisiki usikikwangue sawa na shina, pale tawi linapoanzia pana uvimbe kama shingo, uache, ndo unaofunika kidonda.

Na usifungue mti wote siku moja. Matawi yaliyozoea kivuli yakipigwa jua ghafla ganda linaungua, sisi huku tunayapaka chokaa. Toa kidogo mwaka huu, kingine mwakani. Saiprasi nayo usiikate ukaingia kwenye vijiti vikavu visivyo na majani, pale haichipui tena, fensi yako itabaki na matundu.

mwana_makambako:
Mama asante sana, hilo la shingo sikulijua kabisa, nilikuwa nakwangua sawa na shina. Fundi nasubiri la ule mrefu, nilitaka tukate nao ule mlingoti na mdogo wangu kila mtu ashike upande wake.

fundi_wa_lupila:
Hapana, ndo nilichokuwa naogopa. Huo kwa ulivyoueleza ni msumeno wa shimo, wa kupasulia mbao. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko chini shimoni, unakata ukishuka tu ndo maana meno yote yanaangalia upande mmoja. Meno yake ni kama patasi ndogo ndogo zimepangana, yanafuata nyuzi za mti. Ukikatiza nao tawi utararua tu na kuumiza bega. Na tafadhali usiruhusu mtu aubadilishe meno. Futa kutu, paka oili, tundika pakavu.

Kijana_Soweto_Mbeya:
Duh, nimejifunza, naondoa lile la kununua mpya. Ila mlingoti huo mkuu, kama matawi yako karibu na nyaya za umeme usipande na msumeno wa chuma, waite TANESCO waje. Hata kama unaona nyaya ziko mbali, tawi likianguka linazifuata.

mwana_makambako:
MREJESHO

Wakuu nimechelewa, kazi imenichukua jumamosi mbili. Siki imefanya kazi kweli, maandishi yametoka yote na chini yake kuna herufi mbili zimekwaruzwa na msumari, ni za jina la babu, mama alivyoona alinyamaza muda mrefu. Mpini nimeuunga kwa gundi ya mbao nikaufunga na mpira wa baiskeli siku nzima, umeshika. Jino moja nimelivunja kwa haraka yangu, la karibu na mpini. Kunoa kulinichukua asubuhi nzima na nilirudia upande mmoja kwasababu msumeno ulikuwa unakata unaelekea kushoto.

Leo tawi la parachichi nene kama paja limekatika, sijabaniwa hata mara moja, na vumbi linatoka nene nene siyo unga kama mwanzo. Nimefuata mama alivyosema, ganda halijachunika. Wa TANESCO nimeshawapa taarifa ya mlingoti. Fensi naanza kesho.

fundi_wa_lupila:
Safi sana. Kwenda upande mmoja ni meno ya upande huo yamelala zaidi au ni makali zaidi, uliporudia ndo ulisawazisha. Jino moja likikosekana halina shida. Kesho kwenye saiprasi chukua kipande cha mshumaa, paka pande zote za bati, maana utomvu wake unaganda. Jioni ufute kwa mafuta ya taa kabla hujaingia ndani kula, kwa ukungu wa huko Makambako ukiuacha nje usiku mmoja asubuhi unaanza upya.