Vortex au Mod Organizer 2? Hizi erori zimenichosha

MzeeWaKeyboard: Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijahama. Natumia Vortex, programu ya kupangia modi (nyongeza za gemu), kwenye gemu ya Skyrim, sasa kila nikibonyeza kudiploi (kuziingiza modi kwenye gemu) inaniambia hakuna njia ya kudiploi inayowezekana, mara nyingine inaleta dirisha kwamba faili zimebadilishwa nje ya Vortex nichague cha kufanya, sielewi hata naulizwa nini. Jamaa kanambia nihamie MO2 (Mod Organizer 2, nayo ya kazi hiyo hiyo) mambo yataisha. Ipi bora?

Kipanga_Mweusi: Tia nyama mkuu. Skyrim ipi, toleo namba ngapi, gemu iko draivu gani na modi ziko wapi? Weka skrinshoti.

mwanaTanga: Hamia MO2 usiulize mara mbili. Haigusi folda la gemu hata kidogo, modi zinakaa kwake, gemu ikiwaka inadanganywa tu kwamba zimo ndani. Ukiharibu kitu unatoa tiki, kwisha habari. Ila lazima uifungulie gemu humo humo MO2, ukipitia ikoni ya Steam (duka la gemu) unaingia Skyrim kavu.

bi_Shuu: Mimi MO2 sitaki hata kuisikia. Kuna fundi alinitengenezea laptopu akaniwekea MO2 ndani ya Program Files, wakati hilo ni folda ambalo Windows inalilinda, basi kila nikiweka modi inalalamika ruhusa, nikiifungua kama admin inatulia kidogo, halafu antivairasi nayo ikaificha faili moja ya dll ya MO2 kimya kimya, gemu inafunguka vizuri tu lakini modi hakuna na erori hakuna, nikaona zimeharibika nikafuta zote nikadaunlodi upya, bando la mwezi likaishia hapo na tatizo liko palepale. Vortex angalau inapiga kelele.

mwanaTanga: Sasa dada hapo kosa la MO2 liko wapi, si la fundi?

bi_Shuu: Sijasema kosa la nani, nimesema siitaki.

MzeeWaKeyboard: Special Edition. Gemu nimeihamishia D, SSD mpya, C ilijaa. Modi zimebaki C.

Kipanga_Mweusi: Si ungesema mwanzo! Vortex haikopi faili, inatumia hardlink, yaani faili moja kusomeka sehemu mbili, na hiyo haivuki draivu. Nenda Settings, kipengele cha Mods, hamishia folda la modi D kisha Apply. Lile dirisha lingine linatokea kama programu nyingine, mfano Nemesis (ya animesheni) au xEdit (ya kuhariri faili za modi), imegusa faili. Ukichagua kubakiza, mabadiliko mapya yanakaa, ukirudisha, kazi uliyofanya kwa xEdit imeyeyuka. Usibonyeze kwa hasira.

chuma_reli: Hiyo D ni ya ndani au ya kuchomeka USB? Ikiwa imeformatiwa kwa mfumo wa exFAT, hardlink hupati hata uhamishe vipi, inataka mfumo wa NTFS. Bofya kulia, Properties, tuambie imeandikwa nini. Na kubadili kutoka exFAT ni kuformati, kwa hiyo vitu vyako vitoe kwanza.

mwanaTanga: Ndo maana nasema MO2, haya ya hardlink hayamhusu.

Kipanga_Mweusi: Akihama bila kufanya Purge (kuondoa ilizodiploi) kwenye Vortex faili za zamani zinabaki kwenye folda la gemu, atakuja tena hapa kulia. Halafu SKSE je, ile programu ndogo ambayo modi nyingi zinaitegemea? Gemu ya 1.5.97 inataka SKSE 2.0.20, ya 1.6.1170 inataka 2.2.6. Zisipolingana, MO2 wala Vortex haikusaidii.

chuma_reli: Na Steam iambie iapdeti pale tu unapofungua gemu, halafu wewe fungulia SKSE.

bi_Shuu: Wenye gemu za kukopi kwa flashi wanawasoma tu hapa 😂

mwanaTanga: Wasome, wakileta erori zao tutawauliza toleo gani waseme "la kwa jirani".

MzeeWaKeyboard: Ni ya USB. Nikifika hom naangalia hiyo NTFS. Wakati huo MO2 naipakua kabisa au nisubiri?

bi_Shuu: Subiri.

mwanaTanga: Pakua.

dogo_wa_basi: Samahani kuingilia, na sisi wa gemu ya Euro Truck tukikuta rangi nyekundu kwenye gamelog (faili la ripoti za gemu) tufungue uzi wetu au humu humu?